Kitenzi kimoja cha kusimama, lugha tano: uanze na ipi?

Mara ya kwanza nilipojaribu kumwambia Mhispania kwamba babu yangu alishafariki, nilisema: *Mi abuelo es muerto.* Yule bwana alinipa pole, kisha kwa upole akanisahihisha: *está muerto*. Nikabisha. Mwalimu wetu wa darasa la jioni alikuwa ametukaririsha kwamba Kihispania kina "kuwa" mbili, *ser* kwa mambo ya kudumu na *estar* kwa mambo ya kupita. Kama lipo jambo la kudumu kuliko kifo, nilimwambia, nionyeshe. Akacheka. Akasema wao husema hivyo tu, basi.

Jibu nilikuja kulipata miaka baadaye, na nililipata nyumbani kwenye Kiswahili. Sisi tunasema babu *amekufa*. Tunatumia -me-, kiambishi kilekile cha mlango umefungwa, mtoto amelala, glasi imejaa. Kwetu kifo ni hali ambayo mtu ameingia na sasa yumo ndani yake. Kihispania kinafikiri vivyo hivyo, na chombo chake cha kusemea hali za namna hiyo ni *estar*. Kumbe kanuni niliyokuwa nikiitafuta kwenye daftari la Kihispania nilikuwa naisema kila siku tangu utotoni.

Tangu hapo, mtu akiniuliza aanze na lugha ipi kati ya Kihispania, Kireno, Kiitalia, Kifaransa na Kiromania, simjibu kwa habari za viza na ajira. Hayo atayapata kwingine. Namwonyesha kitenzi kimoja, *stare* cha Kilatini, na jinsi watoto wake watano walivyokigawana. Ukiona kila mmoja alichukua nini, utajua ni lugha ipi itakayokukaa mdomoni mapema na ni ipi itakayokulazimisha kusahau vitu ambavyo Kiswahili kilikupa bure.

Mzee mwenyewe

Warumi walisema *sto*, nasimama, *stat*, anasimama, *stare*, kusimama. Askari alisimama zamu, sanamu ilisimama uwanjani, merikebu zilisimama ufukweni. Kitu kilichosimama lazima kiwe mahali fulani, kwa hiyo kutoka "imesimama pale" hadi "iko pale" ni hatua moja. Ya pili ni kutoka "iko pale" hadi "iko hivi". Usione ajabu, maana sisi nasi tumezipiga hatua hizo: "niko Kariakoo" ni habari ya mahali, "niko poa" ni habari ya hali, na -ko ni ileile. Hakuna Mswahili anayejibu salamu kwa "mimi ni poa".

Mzizi wa *stare* ni mkongwe kuliko Roma yenyewe, na matawi yake yametufikia kwa njia nyingi. *Stesheni* imekuja kwa Kiingereza kutoka *statio* ya Kilatini. *Steji*, pale Nairobi wanapongojea matatu, ilipitia Kifaransa cha kale na Kiingereza kutoka kitenzi hichohicho. *Stendi* ya mabasi Tanzania ni jamaa wa upande wa Kijerumani. Hata *bustani* ni wa ukoo huo: ni neno la Kiajemi lililotufikia kupitia Kiarabu, maana yake ya asili ni mahali pa harufu nzuri, na ile -stani ya mwisho ndiyo inayoonekana katika Pakistani na Uzbekistani. Kwa hiyo ukishuka steji, ukaenda stendi, ukapita bustanini kuelekea stesheni, umetamka mzizi mmoja mara nne bila kujua.

Kilatini kilikuwa na "kuwa" nyingine, *esse*, na hii ndiyo iliyokuwa "ni" yao. Ilikuwa kitenzi chenye viraka: sasa ni *sum* na *est*, iliyopita ni *fui*, iliyotoka kwenye mzizi tofauti kabisa. Tusiwacheke, maana sisi pia tuna ni, ndi-, -ko, -li na kuwa, zote zikigombea kazi moja. Watoto wa Kilatini waliendelea kushona viraka. Wahispania na Wareno walichukua *sedere*, yaani kuketi, wakaichanganya na *esse*, na humo ndimo zilimotoka *ser* yenyewe na *sea* ya Kihispania au *seja* ya Kireno. Kwa maneno mengine, Mhispania anapochagua kati ya *ser* na *estar*, kiasili anachagua kati ya kuketi na kusimama. Napenda kuifikiria hivyo. Aliyeketi ameshakuwa wa pale, ni mwenyeji. Aliyesimama bado unaweza kumkuta kwingine.

Jedwali, halafu tuongee

| Kiswahili | Kihispania | Kireno | Kiitalia | Kifaransa | Kiromania |
|---|---|---|---|---|---|
| Niko nyumbani | Estoy en casa | Estou em casa | Sono a casa | Je suis à la maison | Sunt acasă |
| Niko salama | Estoy bien | Estou bem | Sto bene | Je vais bien | Sunt bine |
| Nimechoka | Estoy cansado | Estou cansado | Sono stanco | Je suis fatigué | Sunt obosit |
| Ninakula (sasa hivi) | Estoy comiendo | Estou a comer | Sto mangiando | Je mange | Mănânc |
| Unakaa wapi? | ¿Dónde vives? | Onde moras? | Dove abiti? | Tu habites où? | Unde stai? |

(Msemaji hapo ni mwanamume. Mwanamke atasema *cansada*, *stanca*, *fatiguée*, *obosită*.)

Hesabu mara ambazo mtoto wa *stare* amejitokeza. Kihispania mara nne, Kireno mara nne, Kiitalia mbili. Kifaransa sifuri. Kiromania mara moja tu, na ni mahali pale ambapo wengine wote wamekiacha.

Hapo ndipo penye siri ya ulinganisho wote huu. Kule Hispania na Ureno, *stare* iligeuka kuwa -ko yetu na sehemu kubwa ya -me-. Kule Italia na Romania ilibaki karibu zaidi na kukaa. Kule Ufaransa ilimezwa.

Kihispania: -ko na -me-

Sahau kudumu na kupita. Kanuni hiyo inavunjika siku ya kwanza tu ukitaka kusema Madrid iko Hispania, *Madrid está en España*, na mji huo hauna mpango wa kuhama. Badala yake, isemee sentensi moyoni kwa Kiswahili kwanza. Ukisikia "ni", chukua *ser*. Ukisikia -ko, -po, -mo, au -me- ya hali, chukua *estar*.

Maria ni mrembo: *María es guapa*. Maria amependeza: *María está guapa*. Mhispania hana kitenzi tofauti cha kupendeza hapo. Ana kivumishi kimoja, na tofauti yote inabebwa na *es* na *está*. Sisi tumezoea kubadilisha neno zima, wao wanabadilisha "kuwa". Ukilishika hili moja, mengine yanajipanga. Barafu ni baridi, *es frío*. Supu imepoa, *está fría*. Kijana ni mwerevu, *es listo*. Kijana yuko tayari, *está listo*. Ndizi ni za kijani, *son verdes*. Ndizi hazijaiva, *están verdes*. Huo mfano wa mwisho ndio niupendao, maana -ja- ni kinyume cha -me-, na *estar* inazibeba zote mbili.

Na orodha ya hali zetu za -me- inaingia karibu nzima: amelala, *está dormido*. Amekaa, *está sentado*. Amekasirika, *está enfadado*. Imejaa, *está lleno*. Imevunjika, *está roto*. Amerukwa na akili, *está loco*. Mwanafunzi wa Kiingereza anapata taabu hapa kwa sababu lugha yake inasema "kuwa" ileile kwa yote. Wewe huna sababu ya kupata taabu hiyo.

Kuna jambo jingine lililonishangaza nilipoligundua. Kihispania kinasema *¿Dónde está el novio?*, lakini *¿Dónde es la boda?* Bwana harusi anachukua *estar*, harusi inachukua *ser*, kwa sababu matukio hayako mahali bali hutokea. Vitabu vinaitaja kama hali ya pekee ya kukariri. Sasa jisikilize: bwana harusi yuko wapi? Harusi ni wapi? Wengi wetu tunasema hivyohivyo, ingawa "harusi iko wapi" nayo ipo.

Kipimo hiki kina mipaka, na ni heri nikuambie mapema kuliko uje unilaumu. Kwanza, si kila -me- ni ya hali. "Amefika" inaeleza tukio lililokamilika, na Kihispania kitakwambia *ha llegado*. *Está llegado* hakuna. Jiulize: je, naeleza alivyo sasa, au alichofanya? Pili, likifuata "na fulani", *estar* inajitoa. Mlango umefungwa, *está cerrada*. Mlango ulifungwa na mlinzi, *fue cerrada por el guardia*. Tatu, chakula. Ukionja pilau ukasema "ni tamu", Mhispania atasema *está rico*, maana anazungumzia ladha ya sahani hii iliyo mbele yake. Akisema *es rico* kuhusu mtu, ni tajiri. Nne, ndoa: ameoa ni *está casado*, lakini *es casado* nayo utaisikia, hasa Amerika ya Kusini. Usigombane na mtu.

Tena irabu zao ni tano, a, e, i, o, u, kama zetu, na hazimezwi. Mtu wa Unguja atasoma ukurasa wa Kihispania kwa sauti siku ya kwanza na akaeleweka. Sina lugha nyingine ya Ulaya ninayoweza kuisemea hivyo kwa moyo mweupe, isipokuwa labda Kiitalia.

Kireno: -ko, tena ile ya Nairobi

Karibu yote niliyosema juu yanahamia Kireno: *está morto*, *está cheio*, *está a dormir*. Hiyo *a dormir* ni ya Ureno na Msumbiji. Brazili watasema *está dormindo*. Ukijifunza kwa ajili ya Pemba ya Cabo Delgado, shika *a*.

Ila Kireno kina vituko vyake viwili vitatu ambavyo Mswahili atavipenda. Njaa, kwa mfano. Mhispania *ana* njaa, *tengo hambre*. Mwitalia vivyo hivyo, *ho fame*. Mfaransa *j'ai faim*. Mreno anaweza kusema *tenho fome*, lakini pia husema *estou com fome*. Neno kwa neno: niko na njaa. Mtanzania atakunja uso kidogo, kwa sababu yeye husema "nina njaa", lakini Mkenya ataona amekutana na ndugu yake. *Estou com sono*, niko na usingizi. *Estou com pressa*, niko na haraka. *Está com febre*, ako na homa, kama wasemavyo mitaani Nairobi. Walimu wa Kiswahili wamekuwa wakiikemea "niko na" kwa miaka. Kireno kimeiweka kwenye vitabu vya sarufi.

Kituko cha pili ni kwamba vitu visivyohama vina kitenzi chao. Soko liko wapi? *Onde fica o mercado?* *Ficar* inatokana na kitenzi cha Kilatini cha kukita au kuchomeka kitu, *figere*. Soko limekita wapi, ndivyo wanavyouliza. Ukisema *onde está o mercado* utaeleweka, ila watasikia kama soko limepotea. Kwa mtu aliyetoka Kihispania hapa ndipo panapomkwaza; kwa mtu anayeanza na Kireno hapana shida, anajifunza tu kwamba nyumba *fica* na mtu *está*. Na kwa ndoa, Mreno kwa kawaida husema *é casado*. Kwake kuoa si hali ya -me-. Fikiria mwenyewe sababu.

Kwa ulimi, *estou* na *está* zinakatwa hadi *tou* na *tá*. *Tá bom*, sawa. Kipande hicho kidogo kilisafiri mbali kuliko kitenzi kizima: kwenye visiwa vya Aruba na Curaçao, lugha ya Papiamentu inatumia *ta* kama "kuwa" yake ya kila siku, na Kikrioli cha Kabo Verde kina *sta*. Kusimama kwa Kirumi kumebaki silabi moja kwenye visiwa vya Karibi.

Matamshi ndiyo kero. Mreno wa Lisboa anameza irabu kama anaziogopa. Utaliona neno lenye silabi nne ukisikia mbili. Watu wa Msumbiji hutamka wazi zaidi, na kwa sikio letu wanafuatika. Upande wa pili wa mizani, tayari una Kireno mdomoni: meza, leso, bendera, gereza, kasha, karata, foronya, parafujo. *Igreja* yao ilikuwa kanisa. Jinsi ilivyogeuka gereza kwetu ni kisa ambacho Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, inakijua vizuri kuliko mimi.

Kiitalia: kukaa

Hapa ndipo aliyetoka Hispania anapoanguka, na hapa ndipo Mswahili anapaswa kubadilisha ufunguo. Mwitalia wa vitabuni hasemi *sto* kwa mahali wala kwa uchovu. *Sono a casa, sono stanco.* -ko na -me- zimerudishwa kwa *essere*, "ni" yao. Basi *stare* inafanya nini?

Inafanya kazi ya kukaa, karibu kila moja ya maana zake kwetu. Kaa kimya: *sta' zitto*. Leo nakaa nyumbani, sitoki: *oggi sto a casa*. Kaa sawa, tulia: *sta' fermo*. Na ile tunayoisema dukani mtu akijaribu gauni, "limekukaa!", wao wanasema *ti sta bene*. Nguo inakukaa kwa Kiswahili, nguo inakusimamia vizuri kwa Kiitalia. Sijui lugha nyingine mbili zilizokutana hivi pasipo kuambizana.

Ziongeze tatu zisizo za kukaa: salamu, *come stai? sto bene*; kitendo kinachoendelea, *sto mangiando*; na kitendo kilicho mlangoni, *sto per partire*, niko karibu kuondoka. Ukiwa na hizo, umemaliza *stare*, na yote yaliyobaki mpe *essere*. Ni mgawanyo mwepesi kuliko wa Kihispania. Kuna fundo moja tu: *stato* ni ya wote wawili. *Sono stato a Roma* inaweza kuwa nilikuwa Roma au nilikaa Roma, na Waitalia wenyewe hawajali ni ipi.

Ukienda Napoli na kusini kwa jumla, mambo yanabadilika tena. Huko *stare* imepanuka kama Hispania: ufunguo *sta* juu ya meza, mtu *sta* kazini. Ukitoka Kihispania ukasema *sto stanco*, Napoli hawatashtuka, Milano watatabasamu.

Kwa mtu wa Malindi na Watamu, ambako Kiitalia kinasikika ufukweni kila msimu, wala sina haja ya kupiga debe. Huko vijana wamejifunza *come stai* bila kitabu chochote. Kinachokosekana mara nyingi ni hizo za kukaa, na ndizo zinazomfanya mgeni ageuke akuulize uliishi Italia mwaka gani.

Kifaransa: amemezwa

Kifaransa cha kale kilikuwa na *ester*, kusimama. Kikafa. Leo kimebaki sehemu moja, mahakamani: *ester en justice*, kusimama mbele ya sheria kama mdai au mdaiwa. Kabla ya kufa kiliacha mali kwa *être*, "kuwa" ya Kifaransa: *été*, ile ya *j'ai été*, nimekuwa, inatoka moja kwa moja kwenye *statum*. (Usiichanganye na *été* ya kiangazi; hiyo ina asili nyingine, wamegongana njiani.) Na ndugu yake *rester*, kubaki, yu hai, tena Québec wanauliza *tu restes où?* wakimaanisha unakaa wapi.

Kwa mwanafunzi, habari njema ni kwamba hakuna cha kuchagua. Niko, ni, nimechoka, nimekufa: *je suis*, *je suis*, *je suis*. Habari mbaya ni hiyohiyo. *La porte est fermée* inaweza kuwa mlango umefungwa au mlango hufungwa, na itabidi sentensi nyingine ikuokoe. Kiswahili kimekuzoesha kutenganisha, na Kifaransa kinakutaka uache kutenganisha. Nimewaona Waswahili wakitafuta "-ko" ya Kifaransa kwa miezi. Haipo. Ukitaka sana kusema jengo liko mahali, kuna *se trouve*, hujikuta, lakini hiyo ni ya kuazima.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura maneno yangu haya hayana kazi. Kifaransa alikikuta shuleni. Yeye swali lake ni lugha ya pili ya ukoo huu, na ningemwambia Kihispania, kwa sababu atapata tena ule mgawanyo ambao Kifaransa kilimnyang'anya.

Kiromania, kwa ufupi

Wachache wataniuliza kuhusu Kiromania, lakini nani asiyependa kisa? *A sta* kule imekuwa kukaa hadi imesahau kusimama. *Unde stai?* unakaa wapi? *Stai puțin*, subiri kidogo. Mgeni akiingia, anakaribishwa: *stai jos*. *Jos* ni chini. Neno kwa neno, kwa Kilatini cha mababu, amemwambia simama chini. Anachomaanisha ni kaa kitako. Ukitaka kweli kusema mtu amesimama, itabidi uongeze miguu: *stă în picioare*, amekaa kwa miguu. Hali na mahali vyote ni vya *a fi*, "kuwa" yao, kwa hiyo ugumu wa Kihispania haupo. Ugumu wa Kiromania uko kwingine, kwenye minyambuliko ya majina, na huo ni mjadala wa siku nyingine.

Basi, ipi?

Ukitaka lugha ambayo mdomo wako utaiweza wiki ya kwanza na akili yako itakuta kanuni zake zimeshapandwa, chukua Kihispania. Ukitaka kuepuka kuchagua kabisa, na una subira ya kujifunza tahajia isiyofanana na matamshi, chukua Kifaransa. Kiitalia kichukue ukiwa na mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu *stare* yao haisomeki, inasikika.

Mimi ningeanza upya, ningeanza na Kireno. Nasema hivi nikijua matamshi yake yatakutesa. Lakini ng'ambo ya Ruvuma ni Wareno wa ulimi, tena ndugu wa damu. Tangu mwaka 2019 lugha yao na yetu zinakaa meza moja kama lugha rasmi za SADC. Na ukishajua *estou* vizuri, Kihispania kinakuwa safari ya miezi tu. Aliyeanza na Kihispania hukishusha Kireno kwa kujiamini kupita kiasi, na mimi ni mmoja wao.

Nina sababu nyingine isiyo ya maana kubwa. Ureno, simu ikiita, anayepokea husema *Estou?* Anajibu kwa kuuliza, kama asiye na uhakika: niko? Na anayepiga, asiposikia kitu, anauliza *Está lá?* Siku ya kwanza nilicheka peke yangu, nikamkumbuka shangazi wa Tanga. Hapokei simu kwa "halo". Anapokea, ananyamaza, halafu anauliza: "Upo?"